Sabuni ni Twahiri, Lakini Je, Mchanganyiko Wake ni Salama?



Ndugu zangu katika imani, somo hili lilianzia shambani, si darasani. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa Rumonge, kwa baba yangu mdogo ambaye analima nyanya. Asubuhi moja vijana wawili aliowaajiri walikuwa wakitayarisha dawa ya kuua wadudu. Walijaza maji kwenye bomba la mgongoni la lita 15, wakapima dawa kwa kifuniko cha chupa, kisha mmoja akachota sabuni ya unga kwa kiganja, akaitia na kukoroga kwa mkono mtupu. Niliuliza sabuni ni ya nini. Akanijibu, “Bila sabuni dawa inateleza kwenye majani. Ukitia sabuni inashika.”

Kabla ya adhuhuri kijana aliyekoroga alirudi nyumbani akitokwa na jasho jingi na mate mengi, tumbo likimsokota, akilalamika kuwa haoni vizuri. Alipelekwa zahanati, na kitu cha kwanza alichouliza muuguzi ni chupa ya dawa iliyotumika. Alhamdulillah, baada ya siku mbili alikuwa amepona.

Jioni ile nilimwambia baba mdogo kwamba huenda sabuni ilichangia. Alinitazama kama anayemtazama mtoto. “Wewe unasomea dini. Niambie, sabuni ni najisi?” Nikasema, “Hapana, baba, ni twahiri.” Akasema, “Basi. Kitu tunachoogea kila siku kitamdhurije mtu?”

Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nilimtafuta ndugu yetu mmoja wa kitivo cha tiba, tukakaa naye mara kadhaa baada ya swala ya isha. Niliyojifunza kwake yalinirudisha kwenye mlango wa kwanza kabisa wa fiqhi, mlango wa maji. Nawaletea yote mawili kwa pamoja.

1. Mlango wa maji unatufundisha nini

Wengi wetu tulianza fiqhi na Matni ya Abu Shujaa, na tunakumbuka kwamba maji yamegawanywa mafungu manne. Fungu la tatu ni maji yaliyo twahiri lakini hayatwaharishi. Humo yanaingia maji yaliyobadilishwa sana na kitu twahiri kilichochanganyika nayo. Maji ni twahiri na zafarani ni twahiri, lakini zafarani ikiingia na kuyabadilisha maji hata yasiitwe tena maji tu, huwezi kuyatawadhia. Hiyo ndiyo njia ya madhehebu ya Shafii. Wanazuoni wa Hanafi wanaruhusu maji yaliyochanganyika na kitu kama sabuni maadamu wepesi wake wa kutiririka umebaki. Hata hivyo pande zote mbili zinauliza swali moja, nalo ni hili: kilichopatikana baada ya kuchanganya ni kitu gani?

Hili ndilo jambo la kushika. Mchanganyiko una hukumu yake. Huipati kwa kuangalia hukumu ya kila kilichotiwa ndani na kusema, “hiki kizuri na hiki kizuri, basi vyote vizuri.”

Mafakihi wa Shafii wakaenda mbele zaidi. Walitofautisha kitu kinachochanganyika na maji hata kisitengeke, ambacho huitwa mukhalit, na kitu kinachokaa jirani na maji bila kuingiliana nayo, ambacho huitwa mujawir. Mfano wao wa jirani ni mafuta. Ukidondosha mafuta ndani ya maji, yanaelea na kubaki peke yake.

Sasa tazama sabuni inavyofanya. Ukitia sabuni kwenye maji yenye mafuta na kukoroga, yule jirani anaingia ndani ya nyumba. Mafuta yaliyokuwa yanaelea yanasambaa ndani ya maji yote. Ndiyo maana sabuni inaosha sufuria, na ndiyo maana tunapaswa kuangalia tunaitia wapi.

2. Ngozi ni ukuta

Tabaka la juu kabisa la ngozi limefanywa kwa seli zilizokwisha kufa, bapa, zilizopangwa takriban safu 15 hadi 20. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama mikromita 10 hadi 20 tu, yaani ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Viganja na nyayo ndivyo vyenye tabaka nene zaidi.

Wataalamu hulifananisha tabaka hili na ukuta. Matofali ni zile seli, zilizojaa proteini ngumu iitwayo keratini. Udongo unaoshikanisha matofali ni mafuta ya aina maalumu: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huu unazuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na unazuia vya nje visiingie ovyo. Ubora wake unategemea sana ule udongo wa mafuta.

Ngozi haizuii kila kitu kwa kiwango kimoja. Molekuli kubwa, zinazozidi uzito wa daltoni 500 hivi, kwa kawaida hupita kwa shida sana. Molekuli ndogo inayopenda mafuta hupita kwa urahisi zaidi, kwa sababu njia yenyewe ni ya mafuta. Viuadudu vingi vya kundi la organofosfeti ni molekuli ndogo za namna hiyo. Vinamdhuru mdudu kwa kuzuia kimeng'enya cha mishipa ya fahamu kiitwacho kolinesterasi, na mwanadamu naye anacho hicho hicho. Jasho, mate, tumbo kusokota na mboni za macho kuwa ndogo ni dalili zake zinazojulikana.

3. Sabuni inaufanyia nini ukuta huo

Kinachofanya kazi ndani ya sabuni kinaitwa safaktanti. Ni molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia unashika uchafu wa mafuta, kichwa kinauvuta kwenye maji. Lakini molekuli hiyo haijui kutofautisha mafuta ya sufuria na mafuta ya ngozi yako. Ikikaa ngozini inaweza kufanya mambo manne.

Kwanza, inalegeza na kuondoa sehemu ya mafuta yaliyo kati ya seli. Udongo unatoka, nyufa zinabaki.

Pili, inashikamana na keratini na kuifanya ivimbe. Matofali yenyewe yanafura na kupoteza mpangilio.

Tatu, inalowesha. Tone la maji matupu linasimama juu ya ngozi kama ushanga, lakini tone lenye sabuni linajilaza, linaenea, linaingia kwenye mikunjo na vinyweleo. Eneo linaloguswa linakuwa kubwa.

Nne, inaisaidia kemikali inayopenda mafuta kutawanyika vizuri ndani ya maji, hivyo kuifikisha ngozini.

Zaidi ya hayo, ngozi ina asidi kidogo, pH yake ni kama 5, na sabuni za kawaida za mche huwa na pH ya 9 hadi 10. Sabuni ya unga nayo mara nyingi huwa na magadi ya kuongeza nguvu ya kufua. Ukuta uliozoea hali ya asidi unapokaa ndani ya magadi kwa muda mrefu, unadhoofika.

Ipo safaktanti moja maarufu, sodiamu lauri salfeti, ambayo watafiti wa ngozi huitumia makusudi kuudhoofisha ukuta huu ili waupime. Wanaipaka kwa kiasi kidogo, wanaifunika kwa saa kadhaa, kisha wanapima maji yanayotoroka kupitia ngozi. Maji yanayotoka yanaongezeka. Ukuta uliolegea kwa anayetoka unaweza kuwa umelegea pia kwa anayeingia.

Sasa nikaelewa maneno ya yule kijana. Alisema kweli: jani la nyanya lina nta juu yake, na sabuni inaifanya dawa ienee juu ya nta hiyo badala ya kuteleza. Lakini alisahau kuwa mkono wake nao una mafuta juu yake. Kilichosaidia dawa kushika jani ndicho kilichoisaidia kushika mkono.

4. Tusivuke mpaka

Tusiseme kwamba sabuni huongeza ufyonzwaji kila mara. Inategemea aina ya safaktanti, kiasi chake, kemikali iliyo pamoja nayo na muda wa kugusana. Zile zisizo na chaji kwa kawaida ni pole kuliko zenye chaji. Na sabuni ikizidi kiwango fulani ndani ya maji, molekuli zake hujikusanya kuwa vijifuko viitwavyo miseli, mikia ndani na vichwa nje. Miseli zinaweza kuifungia kemikali ndani yake, na ile iliyo huru kupita ngozini ikapungua.

Kwa hiyo mchanganyiko mmoja unaweza kuongeza, mwingine ukapunguza. Ndiyo sababu ufyonzwaji hupimwa maabara kwa kuweka kipande cha ngozi kati ya vyumba viwili na kuangalia ni kiasi gani kimevuka. Hakuna mtu anayeweza kulijua jambo hilo kwa kutazama ndoo, na huyo anayechota sabuni kwa kiganja ametengeneza kitu ambacho hakuna aliyekipima. Hata aliyetengeneza dawa hakukipima hicho.

Wala tusiseme kwa yakini kwamba sabuni ndiyo iliyomwangusha yule kijana. Alikoroga kwa mkono mtupu, na dawa peke yake ingetosha. Ninachosema ni kwamba hoja ya baba mdogo, “sabuni haina neno,” haikusimama.

Mfano mkubwa wa jambo hili upo. Dawa nyingi za kuua magugu zenye glaifoseti huwa na safaktanti ndani yake ili dawa ipenye kwenye jani. Kwa miaka mingi watu walijadili glaifoseti tu, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kuwa kiambato hai. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku safaktanti moja iliyokuwa ikitumika humo, iliyotengenezwa kwa shahamu ya wanyama, isitiwe tena kwenye dawa za glaifoseti, kwa sababu ya madhara ya hiyo safaktanti yenyewe. Kile kilichohesabiwa kuwa msaidizi tu kilikuja kuhukumiwa peke yake.

5. Viungo vya udhu na sumu

Hapa ndugu yangu wa tiba alinionesha takwimu ambazo zilinifanya ninyamaze. Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake, huko California, walichapisha utafiti waliofanya kwa watu. Waliwapaka kiasi kidogo mno cha kiuadudu cha parathioni sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kilichotoka kwenye mkojo. Hapo hapakuwa na sabuni. Matokeo, kwa makadirio, yalikuwa hivi:

Mkono kati ya kiwiko na kifundo: asilimia 9.
Kiganja: asilimia 12.
Nyuma ya kiganja: asilimia 21.
Ngozi ya kichwa: asilimia 32.
Paji la uso: asilimia 36.
Tundu la sikio: asilimia 46.
Kwapa: asilimia 64.
Mfuko wa korodani: karibu asilimia 100.

Isome tena orodha hiyo ukiwa na aya ya 6 ya Suratul Maida akilini. Uso, mikono, kichwa, na masikio kwa mujibu wa Sunna. Mkulima aliyetoka kupiga dawa, ambaye adhana imemkuta shambani, akitawadha bila kwanza kuosha mikono vizuri, anaichukua sumu kutoka kiganjani, mahali inapopita kidogo, na kuipeleka kwenye paji na sikio, mahali inapopita mara tatu au nne zaidi. Kisha anasukutua na kupandisha maji puani.

Wala hakuna haya katika kujifunza dini: mtu huyo akienda haja kabla ya kuosha mikono, na kustanji kwa mkono ule ule, ameipeleka mahali ambapo karibu yote inaingia. Tumezoea kufundishana kuosha mikono baada ya kutoka chooni. Aliyeshika dawa anatakiwa aoshe kabla ya kuingia pia.

Na tazama hekima ya Sunna: udhu unaanza kwa kuosha viganja mara tatu kabla ya kuvipeleka usoni. Tukikifanya kitendo hicho kwa haki yake, si kwa kupitisha maji tu, tumeshaondoa sehemu kubwa ya hatari.

6. Basi tusitumie sabuni kunawa?

Hapana, tunawe kwa sabuni. Ni kweli watafiti wameona kwamba kuosha ngozi yenye kemikali kunaweza, kwa muda mfupi, kuisukuma kiasi fulani ndani, kwa sababu maji na sabuni vinalowesha na kulegeza ule ukuta. Lakini kuiacha sumu ikae juu ya ngozi saa baada ya saa ni kubaya zaidi. Tofauti kati ya sabuni ya kunawa na sabuni ya kwenye bomba ni hii: ya kunawa inakaa dakika moja na kuondoka na uchafu wake pamoja na maji mengi. Ya kwenye bomba inakaa ngozini na nguoni asubuhi nzima, pamoja na sumu, jasho na jua.

Kwa hiyo:

Osha mapema, mara tu dawa inapokugusa. Usisubiri kumaliza shamba.

Tumia maji mengi yanayotiririka na sabuni isiyo kali ya kuogea, si sabuni ya unga.

Usisugue kwa jiwe, brashi au dodoki. Ngozi iliyochubuka ni mlango wazi.

Vua nguo zilizolowa, zifue peke yake, wala usiswalie nguo hizo. Sisemi ni najisi. Nasema zinaendelea kukugusa.

Osha kwanza, tawadha baadaye. Ni vitendo viwili, tusivifanye kimoja.

Dalili zikionekana, nenda kituo cha afya mara moja na uchukue chupa ya dawa au karatasi yake.

Na kabla ya yote: usiongeze kwenye bomba kitu ambacho karatasi ya dawa haikukitaja, vaa glavu zisizopitisha maji, na koroga kwa kijiti.

7. Twahiri si sawa na salama

Nimerudi sasa kwenye swali la baba mdogo. Kosa lilikuwa ni kulijibu swali la madhara kwa jibu la najisi. Hayo ni maswali mawili. Mafakihi wanatueleza kuwa sumu inaweza kuwa twahiri, na bado ni haramu kuila kwa sababu inadhuru. Utwahara hauihalalishi.

Hata ndani ya mlango wa maji suala la ngozi limo. Fungu la pili katika Matni ya Abu Shujaa ni maji yaliyopashwa na jua, ambayo ni twahiri na yanatwaharisha, lakini yamehesabiwa makuruhu. Waliosema hivyo walihofia ugonjwa wa ngozi kutokana na yanayotoka kwenye chombo cha madini. Imam Nawawi mwenyewe hakuikubali karaha hiyo kwa kuona dalili yake ni dhaifu, na sitaki kuitumia kama hoja ya kitabibu. Ninachotaka tuone ni kuwa wanazuoni hawakuona ajabu kuuliza: maji haya ni twahiri, lakini yatamfanya nini anayeyatumia?

Na moja ya kanuni kuu tano za fiqhi ni kuwa madhara huondolewa. Kanuni hiyo inamhusu zaidi mwenye shamba kuliko kibarua. Kibarua hana glavu kwa sababu hakupewa. Hajui karatasi ya dawa inasema nini kwa sababu imeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na aliyeisoma hakumweleza. Mimi si mufti, ni mwanafunzi tu. Lakini mtu anayemlipa mwenzake faranga chache ili abebe sumu mgongoni kwa niaba yake, sioni vipi atasema hilo halimhusu.

Nilimpigia simu baba mdogo, nikamweleza. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye dini aliitikia, lakini alishtuka nilipomwambia kwamba viuadudu vingi vya organofosfeti huharibika haraka kwenye maji yenye magadi, hivyo sabuni yake ya unga huenda inamdhuru kibarua na kuidhoofisha dawa kwa wakati mmoja. “Kumbe nimekuwa nikimwaga pesa!” Kisha akanyamaza, akauliza glavu zinauzwa wapi. Nilitamani suala la yule kijana limshtue kabla ya suala la pesa. Lakini glavu amenunua, jozi mbili.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna shamba nyumbani, na wengi wetu huitwa “sheikh” tukirudi likizo, hata kama tumesoma muhula mmoja. Tutaulizwa. Tukiulizwa kama kitu ni najisi, tujibu. Kisha tusiinuke bado. Tuulize na sisi: kimechanganywa na nini, na kinamgusa nani?

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Taja vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake unakitumia nyumbani bila wasiwasi, lakini huvichanganyi. Umejuaje?

2. Mwajiri aliyetoa glavu, kibarua akakataa kuzivaa kwa sababu ya joto: wajibu wa kila mmoja ni upi?

3. Kibarua yuko mbali na maji mengi, ana jerikani moja tu, mikono ina dawa na wakati wa swala umeingia. Ataanza na nini, na kwa nini? Mpelekeeni mwalimu wenu majibu yenu ayasahihishe.

Allah atupe elimu yenye manufaa, na awahifadhi wanaotulimia chakula. Wallahu a'alam.